Nm 5.5, 8 au 12? Naomba kueleweshwa namba za nguvu kwenye usukani wa gemu kabla sijatoa hela

MtuWaIgoma (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa, na naamini humu kuna watu walishapita njia hii.

Natumia Logitech G29 kwenye kompyuta, mwaka wa nne huu. Imenifundisha mengi na sina ubaya nayo, ila meno ya ndani yameanza kulia, na nikiingia kona ndefu usukani unafika mahali unakaza tu, hauna jipya la kuniambia. Gari linaanza kuteleza, mimi nalijua hilo kwa macho badala ya mikono, na kwa macho huwa nimeshachelewa. Nimejiwekea akiba ya kununua mwingine. Safari hii nataka ile aina ambayo duara la usukani linafungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, bila meno wala mkanda katikati.

Hapo ndipo nimekwama. Kila besi, yaani lile boksi lenye mota, ina namba yake ya Nm. Moza R5 ni 5.5, R9 ni 9, R12 ni 12. Fanatec CSL DD wanaandika 5 au 8, na sielewi kitu kimoja kinakuwaje na namba mbili. Simucube 2 Pro ni 25. G29 yangu inatajwa kuwa na kama 2.2. Muuzaji mmoja niliyemuuliza alinijibu kwamba namba ikiwa kubwa ndiyo bora, nichukue kubwa kuliko zote ninayoweza kulipia. Nikamuuliza ubora huo ni wa nini hasa, akarudia jibu lile lile.

Naomba kujua: hiyo Nm ukiishika mkononi ni nini? 5.5 ni kweli mara mbili na nusu ya ninachokisikia sasa? Na meza yangu ya mninga itahimili? Nacheza zaidi Assetto Corsa, na ule mchezo wa rali wa WRC kwa ajili ya njia za Naivasha. Nitafuatilia kila jibu.

Fundi_Mota (Arusha)

Mkuu, kazi yangu ni kufunga upya mota za pampu na za mashine za kusaga, na jioni nacheza gemu. Ngoja nikueleze kwa spana.

Nm ni nyutoni mita. Shika spana yenye urefu wa mita moja, sukuma ncha yake kwa nyutoni 1, nati inapata Nm 1. Nyutoni 1 ni kama uzito wa gramu 100, kipande kidogo cha sabuni. Ukisukuma kwa nguvu hiyo hiyo spana ya nusu mita, nati inapata nusu. Kwa hiyo Nm si uzito na si nguvu peke yake, ni nguvu pamoja na umbali wa mkono kutoka katikati. Mafundi gereji wanaiita toki, wanaisoma kila siku wanapokaza nati za silinda hedi.

Kwenye usukani geuza hesabu. Mota iko mahali pa nati, mikono yako iko kwenye ncha ya spana. Duara la sentimita 28 lina sentimita 14 kutoka katikati hadi ukingoni, yaani mita 0.14. Gawa 5.5 kwa 0.14, unapata nyutoni kama 39, sawa na kilo 4. Mikono miwili ikigawana, kila mmoja unabeba kilo 2. G29 yako inakuja kama kilo 1.6 kwa mikono yote. Nm 8 ni kilo 5.8. Nm 12 ni karibu kilo 8.7. Nm 25 ni kilo 18: karibu ndoo ya lita 20 ya maji inaning'inia ukingoni mwa usukani na wewe unaizuia isishuke.

Ukibadilisha duara, hesabu inabadilika bila kugusa mota. Besi ile ile ya 5.5 ukiifunga duara la sentimita 33, zile kilo 4 zinashuka hadi 3.4. Mtu akikwambia usukani wake ni mwepesi, muulize kwanza duara lake ni la ukubwa gani.

Sasa jambo linalowaponza wanunuzi. Kuna nguvu ya kilele na kuna nguvu ya kudumu. Toki ya mota inafuata ampea: ukitaka mara mbili, unapeleka ampea mara mbili. Lakini joto ndani ya waya linapanda mara nne, si mara mbili. Mota inaweza kutoa namba kubwa kwa kufumba na kufumbua, gari linapopiga ukingo wa njia, kisha ikapoa. Kuishikilia namba hiyo kwenye kona ndefu, raundi baada ya raundi kwa nusu saa, ni habari nyingine. Shaba ikipata moto inazidi kuukataa umeme, sumaku zikipata moto zinapoteza nguvu, na saketi inayolinda mota inaanza kupunguza ampea yenyewe. Wateja wakiniletea pampu iliyoungua, mara nyingi haikuzidiwa sana kwa sekunde moja. Ilizidiwa kidogo mchana kutwa.

Kwa hiyo ukiona namba moja kwenye boksi, uliza ni ya kilele au ya kudumu. Mota mbili zilizoandikwa 8 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa kwenye raundi ya kumi na tano.

Kuhusu CSL DD, mota ni ile ile moja. Adapta ya wati 90 inaipa Nm 5, adapta ya wati 180 inaipa Nm 8. Unanunua ndogo leo, mwakani unabadilisha adapta tu.

kaka_mkubwa_255

Chukua R12 umalize. Ukiona nzito unapunguza kwenye programu. Ndogo huwezi kuiongeza.

Binti_Kisauni (Mombasa)

Kaka wa Igoma, salaam. Hayo ya kuchukua kubwa ukapunguza yana ukweli, ila sababu yake haijaelezwa, na sababu ndiyo itakayokusaidia hata kabla hujanunua chochote.

Umesema kwenye kona ndefu usukani wakaza tu, hauna jipya. Hilo mimi nalijua vizuri. Ushawahi kupanda matatu ambayo dereva amefungua sauti hadi mwisho? Spika haina tena pa kwenda. Ngoma na mwimbaji vyote vyagonga dari lile lile, husikii maneno, wasikia mkwaruzo. Usukani hufanya vivyo hivyo. Gemu hupiga hesabu ya nguvu inayotoka kwenye tairi na kuituma kwa mota. Kona ikitaka zaidi ya kile ambacho mota imewekewa kuwa mwisho wake, kilichozidi chakatwa. Gari likishika vizuri: mwisho. Likianza kuteleza kidogo: bado mwisho. Ukipanda ukingo: mwisho vile vile. Mikono yako yapata ujumbe mmoja kwa mambo matatu.

Nami nilianza na G29, na nguvu ya usukani kwenye mipangilio ya gemu nilikuwa nimeiweka asilimia 100 kwa kuwa nilitaka usukani mzito. Kwenye Assetto Corsa kuna kile kidirisha cha pedeli chenye milia minne: klachi, breki, mafuta, na mmoja wa kijivu wa nguvu ya usukani. Huo wa kijivu hugeuka mwekundu nguvu inapokatwa. Niliuweka kando ya kioo nikaenda njia ya mashindano ya Spa. Pouhon, ile kona ndefu ya kushoto inayoteremka, mwekundu mwanzo hadi mwisho. Yaani kona ambayo nilihitaji kuelezwa zaidi kuliko zote, nilikuwa nimejiziba masikio mwenyewe.

Nikashusha hadi 65. Usukani ukawa mwepesi, na siku mbili za kwanza sikupenda. Siku ya tatu, katikati ya Pouhon, nikasikia uzito umepungua kidogo kwenye vidole, kama kamba inayolegezwa, kabla pua ya gari haijaanza kukimbilia nje. Nikaondoa mguu kidogo, tairi za mbele zikashika tena. Miezi minane nilikuwa napita kona ile na sikuwahi kuhisi hilo.

Fanya hivyo leo na G29 yako, haikugharimu hata shilingi. Shusha hadi ule mwekundu uwake kwenye kingo pekee, na usikae.

Hapo ndipo Nm nyingi zinapofaa. Kwenye mota ya 2.2, ukishusha ili kisikatwe kitu, hali ya kawaida yabaki nyepesi mno hata mambo madogo yapotea. Mota ya 9 waweza kuiweka kona za kawaida zikupe 4 au 5, na bado yabaki nafasi ya juu kwa ajili ya ukingo au tairi iliyogonga shimo. Nm huzinunui ili upigane na usukani.

Dereva_Tunduma

Ndugu zangu, mimi maisha yangu ni usukani wa kweli, lori la mizigo Dar hadi Tunduma na wakati mwingine navuka mpaka. Huo uzito mnaousema, wengi wanadhani gari la mashindano likiwa kubwa basi usukani lazima uwe jiwe. Si hivyo. Magari ya Formula 1 yana pawa ya usukani. Ya GT3 yana pawa. Wanaoumia ni madereva wa IndyCar, kule hakuna pawa kabisa, ndiyo maana unaona mikono na mabega yao yalivyo.

Na hilo la spana alilosema Fundi ni kweli tupu. Malori ya zamani yasiyo na pawa yalipewa usukani mpana kama sinia la pilau, ili mkono uwe mbali na katikati. Niliwahi kuendesha Land Rover ya kizee ya mission moja, haina pawa. Kuipaki ilikuwa kazi ya mwili mzima, lakini ikishatembea kwenye vumbi ilikuwa inakuambia kila kokoto. Uzito na habari ni vitu viwili. Ukipata habari, uzito utauzoea hata ukiwa mdogo.

MtuWaIgoma (Mwanza)

Nimesoma yote mara mbili. Dada wa Kisauni, nimefanya ulivyosema. Nilikuwa nimeweka 100 na ule mstari ulikuwa mwekundu karibu muda wote! Nimeshusha hadi 60, nacheza njia ya Monza, na kwenye ile kona ya mwisho ndefu kwa mara ya kwanza nimesikia kitu kinalegea mkononi. Ni kidogo sana na kinachanganyika na mtetemo wa meno, lakini kipo. Asante sana.

Fundi, swali. Hii namba ya 2.2, kuna njia ya kuipima mwenyewe? Au lazima mtu aamini kilichoandikwa?

Fundi_Mota (Arusha)

Inapimika, na uko mji mzuri kwa kipimo hicho. Tafuta mizani ya ndoano ya digitali, ile ya kupimia samaki mwaloni. Pakua programu ndogo ya WheelCheck, ya bure, ina sehemu ya kuiamuru mota itoe nguvu moja isiyobadilika. Funga uzi imara ukingoni mwa duara, upande wa kulia kabisa, usawa wa katikati. Iamuru mota izungushe kwa asilimia 100, wewe uvute mizani wima kabisa kupingana nayo. Uzi ukilala upande, namba itakudanganya.

Sasa sikiliza vizuri. Soma mara mbili. Kwanza ukiwa unaishinda mota polepole, halafu ukiwa unairuhusu ikushinde polepole. Namba hazitalingana. Ukiishinda, msuguano wa ndani unaisaidia mota, unasoma kubwa. Ikikushinda, msuguano unakusaidia wewe, unasoma ndogo. Katikati ya hizo mbili ndiyo mota yenyewe. Nusu ya tofauti yake ni msuguano, na huo msuguano una maana kuliko watu wanavyodhani. Kilo zidisha kwa 9.81, kisha kwa mita 0.14.

Usiiache mota kwenye asilimia 100 muda mrefu. Sekunde chache, zima, ipoe, rudia.

Mkunazini_Muscat

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, naishi Muscat. Ninayo Simucube 2 Pro, hiyo ya 25, na nataka kusema jambo moja tu kwa anayefikiri kuchukua kubwa kuliko zote.

Mwezi wa kwanza niliifungua asilimia 80. Nilikuwa nimeshika kama tunavyoshika gari la nyumbani, vidole gumba vimezunguka ndani ya duara. Nikagonga ukuta kwenye gemu. Usukani uligeuka kabla sijajua nimegonga, mkono wa usukani, ule unaounganisha duara na katikati, ukanipiga kidole gumba cha kushoto kwa nyuma. Hakikuvunjika, alhamdulillah, lakini wiki tatu sikuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Hizo kilo 18 za ndoo alizozitaja Fundi, zifikirie zinakuja kwa ghafla, hazikupi habari kama zinakuja.

Toka siku ile vidole gumba navilaza juu ya duara, sivizungushi. Nikiona ukuta unakuja naachia mikono yote miwili. Na ile swichi nyekundu ya kukata nguvu nimeifunga pale ambapo goti langu la kulia linaifikia, kwani mkono ukiwa na maumivu hautafuti kitu mezani. Kwenye nyumba kuna watoto, kwa hivyo besi haina umeme mie nisipokuwepo. Naiendesha kwa Nm 10 hadi 12, nimetosheka.

Ikiwa mwanangu angelitaka kuanza leo ningelimpa ya 5.

paja_la_chuma

Samahani kuingilia, mimi natumia PS5. Hizi zote zinafanya kazi?

Binti_Kisauni (Mombasa)

La, ndugu. Jina la besi halitoshi, angalia maandishi ya kifaa chenyewe. CSL DD ya kawaida ni ya kompyuta na Xbox, tena kwa Xbox wahitaji duara lenye kibali chake. Kwa PlayStation Fanatec wana Gran Turismo DD Pro. R5 ni ya kompyuta. Fungua mada yako hapa jukwaani tukusaidie vizuri, tusimchanganye mwenye hii.

Kuchomelea_Kahama

Hakuna aliyemjibu kuhusu meza. Mkuu, mota ikisukuma mikono yako kwenda kulia, mwili wa mota unasukumwa kwenda kushoto kwa nguvu ile ile. Huo mwili umeufunga kwenye meza. Kwa hiyo meza yako nayo inasokotwa hadi Nm 5.5 kila mara, na mninga ni mgumu lakini miguu yake imeungwa kwa gundi na misumari. Kwa R5 meza nzito itavumilia. Kwa 8 au 9 utaiona inatikisika, na kila inapotikisika imekula sehemu ya habari uliyolipia, kwa kuwa mtetemo mdogo unaishia kwenye mbao badala ya vidole vyako. Kwa 12 usijaribu.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie pipe za mraba za inchi moja na nusu. Besi ikae kwenye bati la milimita 5 lenye matundu manne, pedeli zifungwe kwenye fremu hiyo hiyo, kiti nacho hicho hicho. Mwambie aweke mkono wa mshazari kutoka nguzo ya usukani kwenda chini mbele, mafundi wengi wanausahau na bila huo nguzo inayumba kama mti. Miguu ya kiti cha ofisi chenye magurudumu usiifikirie kabisa, ukikanyaga breki unarudi nyuma.

Nakuru_Changarawe

Kwa upande wa WRC nami niongeze. Naishi karibu na Naivasha, tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 nimekuwa nikisimama kando ya njia kila mwaka, na gemuni nazipita njia hizo karibu kila usiku. Kwenye changarawe tairi haishiki kama kwenye lami, kwa hivyo uzito wa kona ni mdogo. Hutahitaji Nm 12 kule hata siku moja. Unachohitaji ni mota inayobadilika haraka. Gari likitupa mkia, usukani unatakiwa ujizungushe wenyewe kuelekea upande wa mtelezo, wewe unauacha upite kwenye viganja kisha unaukamata. Kwenye mota yenye meno unauona unachelewa, inakubidi uusukume. Kwenye mota isiyo na meno unakutangulia.

Ndiyo maana mimi sitaki duara kubwa na zito kwa rali. Duara zito linachelewa kuanza na linachelewa kusimama, hata kama mota ina nguvu. Langu ni la sentimita 30 na ni jepesi. Pia angalia kwenye programu ya besi kuna kiwango cha kuzuia mzunguko. Wengi huletewa kikiwa juu ili usukani uonekane mtulivu. Kishushe kidogo kidogo mpaka usukani uanze kutikisika wenyewe kwenye barabara iliyonyooka, kisha rudi nyuma hatua moja.

kaka_mkubwa_255

Nimesoma maelezo ya Mkunazini, pole sana mkuu. Nilisema R12 kwa haraka. Bado nasimamia kuacha nafasi ya juu, ila 9 ingemtosha na hela inayobaki aweke kwenye pedeli.

MtuWaIgoma (Mwanza)

Wakuu nimerudi, nimekaa kimya siku sita kwa sababu nilikuwa napima.

Mizani nimeazima kwa mama mmoja anayeuza sangara pale mwaloni. Alitaka kujua kilo za nini nazipima, nikamweleza, akaniambia nirudishe kabla ya saa kumi na moja alfajiri, boti zinapofika.

G29 kwanza. Nikiishinda, mizani inasoma kilo 1.85. Ikinishinda, 1.25. Katikati ni 1.55, ambayo inatoa Nm 2.1. Nilifurahi sana kuona hesabu ya kwenye spana imetokea kweli kwenye uzi na ndoano. Msuguano ni kilo 0.3, yaani Nm 0.4.

Kisha nikaenda Nyegezi kwa kijana mmoja niliyemfahamu kupitia mada nyingine humu, ana R5 na alinikaribisha bila kunijua. Duara lake nalo ni la sentimita 28. Tulipima kwa sekunde chache tu kila mara, sikutaka kuichosha mota ya mtu. Kuishinda kilo 4.1, kushindwa 3.8. Katikati 3.95, Nm 5.4. Msuguano kilo 0.15, yaani Nm 0.2.

Fundi, sasa nimeelewa kwa nini ulisema nisome mara mbili. Kwenye G29 kitu chochote chenye nguvu chini ya 0.4 kinafia ndani ya meno, hakinifikii. Kikubwa kabisa ni 2.1. Kutoka kidogo hadi kikubwa ni mara 5 tu. Kwenye R5 kidogo ni 0.2 na kikubwa ni 5.4, ni mara 27! Namba ya kwenye boksi imepanda mara mbili na nusu, lakini nafasi kati ya mnong'ono na kelele imepanda zaidi ya mara tano. Hilo halijaandikwa kwenye boksi lolote nililoliona.

Baada ya kupima akaniachia raundi kumi. Monza, gari lile lile, kona ile ile ya mwisho. Kwenye G29 niliyoishusha hadi 60 nilikuwa nasikia kulegea kumoja. Hapa nilisikia kunaanza, kunaongezeka, halafu tairi zinarudi kushika kidogo kidogo, kama unavyosikia kamba ya wavu ikipita kwenye kiganja. Nilitoka mikono imechoka kidogo kwenye viwiko, si zaidi ya hapo.

Uamuzi wangu ni R5. Nimeifikiria sana 9 na naelewa hoja ya dada wa Kisauni ya kuacha nafasi juu, ni hoja ya kweli. Lakini kwa 9 nisingebakiwa na hela ya fremu, na meza nimeijaribu: nimeisokota kwa mikono na nimeona kona moja ya nyuma inapanda. Kwa R5 nabakiwa na hela ya pipe, bati la milimita 5, na pedeli ya breki inayopima nguvu ya mguu badala ya umbali wa kukanyaga. Fundi wa Mabatini ananichomelea Jumamosi. Mkono wa mshazari nimemchorea mwenyewe kwenye karatasi.

Binti_Kisauni (Mombasa)

Kaka, hukukosea hata kidogo. Hiyo pedeli itakupa sekunde nyingi kuliko Nm 4 za ziada. Ukishaifunga anza kule kule kwa mstari wa kijivu, usidhani 5.4 haikatwi. Hukatwa pia, hasa magari yenye mbawa kubwa kwenye kona za kasi.

Dereva_Tunduma

Hongera sana kijana. Nikipita Mwanza na mzigo nitakutafuta niishike hiyo breki.

Fundi_Mota (Arusha)

Umepima kazi safi, hizo namba nazihifadhi. Mambo mawili tu kabla hujawasha. Adapta angalia imeandikwa volti 100 hadi 240, na umeme wa mtaani kwako kama unapanda na kushuka weka stabilaiza kabla yake, saketi ya mota haipendi kurushwarushwa. Pili, umeme ukikatika katikati ya kona usukani utakuwa mwepesi ghafla kwa sababu mota imekufa, mikono yako itaruka upande uliokuwa unasukuma. Viwiko visiwe karibu na pipe.

Halafu nina ombi. Cheza nusu saa bila kupumzika, kisha funga tena mizani ya yule mama, pima mota ikiwa ya moto na uweke namba hapa. Ya baridi tunayo.

MtuWaIgoma (Mwanza)

Nitapima. Mama wa sangara ameshaniambia mizani nikaichukue Jumapili, siku hiyo haendi mwaloni.